Kikohozi, ndoo na muheme: kisa cha mama aliyekuja kwa goti

Kabla hajaketi alivua kanga ya juu, akaikunja mara nne, akaitandika kwenye kiti. Nilidhani ni vumbi. Dodoma upepo ukianza kuvuma kila kiti kina vumbi, na wagonjwa wetu wengi hupangusa kwanza ndipo wakae. Lakini kiti kile kilikuwa kimefutwa dakika chache zilizopita, na mama mwenyewe alikuwa ameletwa kwangu kwa ajili ya goti.

Barua yake kutoka kituo cha afya ilikuwa fupi: umri miaka 47, maumivu ya goti la kulia, shinikizo la damu, yuko kwenye dawa, aonwe fiziotherapia. Hiyo ndiyo kazi yangu, tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi. Nikaanza na goti. Nilipomwambia ainuke kitini mara tano bila kushika kitu, aliinuka mara mbili, akasimama, akapishanisha miguu kama mtu anayesubiri zamu ya choo, kisha akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kukatisha maneno.

Kuna swali nimejizoesha kumuuliza kila mwanamke aliyewahi kuzaa, hata akija na kidole cha mguu kilichoteguka. Nikamuuliza.

"Mama, ukikohoa au ukipiga chafya, mkojo huwa unakutoka?"

Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, nani amekuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Na miaka 14 alikuwa hajamwambia mtu kwa kirefu. Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa yake, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane. Nakieleza kwa sababu alikuwa ameshapewa tiba sahihi kabla hajafika kwangu, akaifanya kwa miezi, isimsaidie hata kidogo, na kosa halikuwa lake.

Habari zake

Ana watoto watano, wote wa njia ya kawaida. Wawili wa kwanza walizaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga wa jadi. Wa nne alikuwa mkubwa, kilo 4.3, na uchungu wake ulikuwa mrefu. Baada ya huyo wa nne ndipo mkojo ulianza kuponyoka akicheka. Akajiambia utaisha mtoto akikua. Ukapungua kweli, kisha ukarudi alipojifungua wa tano. Miaka miwili ya mwisho ukazidi: akikohoa, akiinama, akijitwisha ndoo ya lita 20, akiinua dumu la mafuta ya alizeti pale anapofanyia biashara, soko la Majengo. Alikuwa anachana kanga kuukuu vipande, anaviweka ndani, anavifua usiku watoto wakiwa wamelala.

Alijaribu kutafuta tiba. Mara tatu aliambiwa ni UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa vidonge, na katika hizo mara tatu mkojo wake haukupimwa hata mara moja. Akapewa dawa za chango na jirani. Mhudumu mmoja akamwambia ni umri, kuzaa kumemchosha, avumilie. Mwingine, na huyu alikuwa na nia njema kabisa, akamwambia, "Fanya Kegel, mama, bana kama unazuia mkojo, utapona." Hakumwonyesha. Hakumpima. Mama akaenda nyumbani akabana.

Kisha akanieleza jambo lililomuuma kuliko yote. Kijijini kwao, wilaya ya Chamwino, yeye ni mpigaji wa muheme. Asiyewajua Wagogo aelewe kwamba muheme ni ngoma ya wanawake: mama anaibana ngoma kati ya mapaja, anaipiga kwa mikono, huku mwili wote unacheza na miguu inaruka. Aliianza akiwa binti. Miaka miwili iliyopita, kwenye harusi, aliruka akasikia maji ya moto yanashuka hadi kwenye kifundo cha mguu, mbele ya watu. Akamaliza wimbo. Akawaambia wenzake goti limekataa, na tangu siku hiyo hajaipiga tena. Kwa hiyo goti lilikuwa linauma kweli, na lilikuwa kisingizio pia.

Usiku alikuwa amehamia chumba cha binti yake. Mumewe alishaanza kudhani amemchoka.

Mkojo upi huu?

Hapa ndipo nataka kukaa, maana mkojo unaoponyoka si ugonjwa mmoja, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake.

Uwaze kitanda cha kamba. Kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo mkubwa vimelala juu ya misuli iliyowambwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Hiyo ndiyo sakafu ya nyonga. Mtu akikohoa, msukumo kutoka tumboni unashuka juu ya kibofu. Kamba zikiwa zimekaza, mrija wa mkojo unabanwa dhidi ya kitu kigumu na unajifunga. Kamba zikilegea, kwa sababu ya uzazi, uzito mkubwa, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu cha kila siku au kupungua kwa homoni umri unapokwenda, mrija hauna pa kuegemea. Msukumo unashinda, tone linatoka. Huu ndio mkojo wa msukumo, na dalili yake ni kwamba unatoka palepale na tendo: chafya, kicheko, ndoo.

Upo mwingine ambao kibofu chenyewe kinajikaza bila kuambiwa. Mtu anabanwa ghafla, anakimbia, anachelewa mlangoni. Wapo wenye yote mawili. Upo wa kibofu kisichomalizika, kinachojaa hadi kufurika. Na upo unaovuja mchana na usiku, umelala au umesimama, bila kikohozi wala kubanwa, hasa kwa aliyekaa na uchungu siku mbili tatu: huo lazima tuufikirie kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na kwa huo mazoezi hayana kazi.

Nilimpa daftari, nikamwomba aandike kwa siku tatu: anakunywa nini, anakojoa mara ngapi na kiasi gani kwa kikombe cha kupimia, na mkojo unamponyoka akifanya nini. Binti yake wa kidato cha pili alimsaidia kuandika. Daftari lilirudi na mambo mawili. La kwanza, mara tisa zilizoandikwa zote zilikuwa za kukohoa, kuinua na kuinuka. Hakuna hata moja ya kubanwa ghafla, hakuna ya usingizini. La pili lilinisikitisha: kwa joto la Dodoma alikuwa anakunywa maji yasiyofika lita moja kwa siku, na anakwenda chooni mara 11, kila mara chini ya mililita 100. Alikuwa anajihami, anakamua kibofu kabla hakijajaa. Wanawake wengi hufanya hivi. Mkojo unakuwa mzito, unachoma, mtu anaambiwa UTI tena, na kibofu kinazoea kuita kikiwa na kidogo.

Mkojo ulipimwa, haukuwa na maambukizi. Sukari ya damu ilikuwa sawa. Kipimo cha mawimbi ya sauti baada ya kukojoa kilionyesha kibofu kinamalizika. Uzito kilo 84 kwa urefu wa mita 1.58. Nikamwomba aje siku nyingine asiende chooni kwanza, asimame juu ya karatasi, akohoe kwa nguvu. Matone yalidondoka kikohozi kilipotoka, yakakoma kikohozi kilipokoma. Yangechelewa sekunde kadhaa kisha yakamiminika, ningefikiria kibofu kinachojikaza. Kipimo hiki ni cha karatasi moja, na zahanati yoyote inaweza kukifanya.

Kubana kusiko kwenyewe

Kwa idhini yake, mlango umefungwa, nesi wa kike yupo nasi, nilimpima misuli yenyewe kwa kidole. Nikamwambia, "Mama, fanya lile zoezi ulilofundishwa."

Alivuta pumzi akaishikilia. Mapaja yakabana yakawa chuma. Makalio yakainuka kitandani. Na kidole changu kikasukumwa nje.

Hapo nikaelewa. Mwanamke ambaye tangu ujana ameshika ngoma kwa mapaja, ukimwambia "bana", atabana kile anachokijua. Mapaja yake yalikuwa na nguvu kuliko yangu. Sakafu ya nyonga, kwenye kipimo cha 0 hadi 5 tunachokitumia, ilikuwa 2, tena ni baada ya kumwelekeza. Kwa miezi kadhaa alikuwa anasukuma chini mara nyingi kwa siku akiamini anajitibu.

Kegel ni jina la mtu, Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948. Mara chache tunakumbuka kwamba hakuandika "mwambie abane". Alitengeneza kifaa cha kupima mkandamizo ndani ya uke ili mwanamke aone kwa macho yake kama anakaza au anasukuma, kwa sababu aliwakuta wengi hawajui misuli hiyo iko wapi. Jina lake tumelichukua, kipimo chake tumekiacha. Nasema hili kwa uchungu maana mimi mwenyewe miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa natoa karatasi iliyochapwa na kumuaga mgonjwa.

Tulijaribu maneno mengi. "Zuia mkojo" halikufaa. "Zuia hewa isitoke mbele ya wakwe" lilimchekesha, na likasogeza kidogo. Kilichofungua mlango ni kisima. Nilimwambia, "Usibane. Vuta. Kama ndoo iko chini na wewe uko juu." Akanyamaza, akafumba macho, mapaja yakalegea, na kwa mara ya kwanza kidole kikavutwa ndani na juu. Kidogo sana, sekunde mbili. "Hiyo," nikasema. Akafumbua macho: "Hii? Hii ndogo hivi?" Ndiyo, hiyo ndogo hivi.

Alichokwenda nacho nyumbani

Mpango ulikuwa huu. Kuvuta mara nane, kushikilia sekunde tatu kwanza na kuongeza hadi kufikia nane, kupumzika muda uleule katikati, huku anapumua. Kisha mivuto michache ya haraka. Mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu isiyopungua. Idadi hiyo ya mara nane mara tatu kwa siku, na muda huo, ndivyo mwongozo wa Uingereza unavyoelekeza, na unasisitiza kwamba kuwe na msimamizi aliyehakikisha kwanza mama anaweza kukaza. Tukafunga mazoezi kwenye siku yake: alfajiri kabla hajainuka kitandani, mchana biashara ikipoa, usiku baada ya sala. Nilimkataza kujizoeza kwa kukatisha mkojo chooni, maana kunaweza kukifundisha kibofu kutomaliza.

Jambo la pili ni la papo kwa papo: vuta kabla. Kabla ya kukohoa, kabla ya kujitwisha, kabla ya kuinua dumu, ndoo ya ndani iinuke kwanza. Hili baadhi ya wanawake hulipata ndani ya wiki moja, na linawapa moyo wa kuendelea na hayo mengine yanayochukua miezi.

La tatu lilikuwa kikohozi. Kikohozi kikavu cha zaidi ya mwaka, makohozi hakuna, kifua kikuu kilishapimwa hakipo. Nikamwomba anitajie dawa ya presha. Enalaprili. Dawa za jamii hiyo huwaletea baadhi ya watu kikohozi cha namna hii, na hakikomi mpaka dawa ibadilishwe. Sikumwambia aache, presha haichezewi, na kubadilisha dawa si kazi yangu. Nilimwandikia daktari wake barua, naye akamhamishia kwenye losartani. Baada ya wiki tano kikohozi kilikuwa kimekwisha. Fikiria kitanda cha kamba kinachorukiwa mara mia kwa siku huku wewe unajitahidi kukikaza.

Maji tuliongeza taratibu hadi lita moja na nusu na zaidi siku za jua kali, na safari za chooni tukazitenganisha. Kuhusu uzito nilimweleza wazi kwamba si suala la sura. Utafiti wa Marekani uliotoka 2009 ulifuata wanawake 338 wenye uzito mkubwa: waliopunguza kama asilimia 8 ya uzito wao ndani ya miezi sita, mara za kuvuja kwa wiki zilipungua kwa asilimia 47, wakati kundi lililopewa elimu tu zilipungua kwa asilimia 28. Kwake asilimia 8 ni kama kilo saba. Chai ya sukari nyingi na maandazi ya sokoni ndivyo alivyoanza navyo.

Miezi mitatu baadaye

Wiki ya sita kidole kilivutwa vizuri, nguvu 3, na mara za kuvuja zilikuwa zimeshuka kutoka tatu kwa siku hadi moja. Wiki ya 12 nguvu 4, kilo 80, na siku nyingi alikuwa mkavu. Akaacha kuchana kanga. Akarudi chumbani kwake. Hilo aliniambia akiwa anatazama dirishani, nami sikuuliza zaidi.

Matokeo haya si bahati. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio mengi yalionyesha kwamba kati ya wanawake wenye mkojo wa msukumo waliofanya mazoezi haya, 56 kwa kila 100 walisema wamepona, na kwa wasiotibiwa walikuwa sita. Ni tiba ya kwanza kwa haki yake, haina kisu, na kifaa chake kila mwanamke amezaliwa nacho. Inadai tu mtu wa kuhakikisha kwamba kinachokazwa ndicho.

Lakini alikuwa bado hajaipiga muheme. Alijaribu nyumbani, akaruka mara kumi, ya saba ikamtoka. Akanitazama na swali ambalo nilikuwa nalitarajia: "Na hospitali kubwa wanafanyaje?"

Meza ya tiba nyingine

Nilimwekea mezani yote, hata yale ambayo hayapatikani kirahisi kwetu, kwa sababu uamuzi ni wake.

Ipo pete ya silikoni yenye kinundu, huwekwa ukeni ikaegemeza mrija. Anaweza kuivaa wakati wa ngoma tu, akaitoa akaiosha. Inataka kupimwa saizi na mtu anayejua, na si kitu cha kukuta kila duka la dawa. Alikunja uso: hakutaka kitu cha kukumbuka kukitoa.

Vidonge havina nafasi kubwa hapa. Duloksetini iliidhinishwa Ulaya mwaka 2004 kwa tatizo hili, husaidia baadhi, lakini kichefuchefu huwafanya wengi waache. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni huwasaidia kiasi waliokoma hedhi na kukauka; vidonge vya homoni vya kumeza vilionekana kuongeza kuvuja badala ya kupunguza. Yeye alikuwa bado anaona siku zake. Mashine za mwanga zinazotangazwa mitandaoni kwa jina la kubana uke nilimwambia akae nazo mbali: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya kuziuza kwa ahadi za kutibu matatizo kama haya.

Kisha upasuaji. Nilitumia muda mrefu hapa, kwa sababu ndipo uvumi ulipo mwingi.

Tangu miaka ya 1990 upasuaji ulioenea zaidi ni wa utepe, ulioelezwa mwaka 1996 na Ulf Ulmsten na wenzake wa Sweden. Utepe mwembamba wa plastiki ya polipropilini hupitishwa chini ya katikati ya mrija wa mkojo na kuachwa bila kuvutwa. Mama akitulia haumbani. Akikohoa mrija unapata pa kuegemea. Ni kamba mpya kwenye kitanda kile kile. Operesheni ni fupi, na matokeo ni mazuri: utafiti wa Uholanzi wa 2013 uliwapanga wanawake 460 wenye tatizo la wastani na kali, nusu utepe, nusu mazoezi. Baada ya mwaka, 91 kwa 100 wa kundi la utepe walikuwa na nafuu, dhidi ya 64 wa kundi la mazoezi, na karibu nusu ya walioanza na mazoezi waliishia kuomba operesheni. Mimi ni mtu wa mazoezi, na nauheshimu utafiti huo kwa sababu unanizuia kumng'ang'ania mgonjwa. Mwenye tatizo kali ambaye mazoezi sahihi hayajamtosha hapaswi kuonwa mvivu.

Upande wa pili wa utepe nao ni wa kweli. Wapo wanawake ambao umewakata ndani ukatokeza ukeni, au umewaletea maumivu ya kinena na ya tendo la ndoa yasiyokwisha, na kuutoa ni kazi kubwa kuliko kuuweka. Uingereza ilisitisha matumizi yake ya kawaida Julai 2018. Marekani mwaka 2019 iliamuru kampuni ziache kuuza nyavu za kurekebisha ukuta wa mbele wa uke ulioshuka, lakini utepe wa mkojo haukuwamo katika amri ile. Watu wanayachanganya haya mawili, na ni muhimu mama ajue tofauti kabla hajatia sahihi.

Zipo njia zisizotumia plastiki. Ya John Burch, tangu 1961, huinua tishu za pembeni ya shingo ya kibofu kwa nyuzi na kuzifunga kwenye ukano nyuma ya mfupa wa kinena. Nyingine huchukua ukanda wa utando mgumu wa misuli ya tumbo la mama mwenyewe ukawa ndio utepe. Utafiti wa Marekani wa 2007 wenye wanawake 655 ulizilinganisha: baada ya miaka miwili, 66 kwa 100 wa utando walikuwa wamefaulu kwa mkojo wa msukumo, na 49 wa Burch. Ila waliowekewa utando walipata zaidi maambukizi ya mkojo na shida ya kukojoa. Ipo pia sindano ya kujaza ukuta wa mrija: nyepesi, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko operesheni na mara nyingi hurudiwa.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza maswali matatu ambayo hakuna kitabu changu kilichoyapanga vizuri kama yeye. "Nikipasuliwa nitajitwisha ndoo lini?" Kwa kawaida ni kukaa bila kuinua vizito wiki sita hivi. "Nikizaa tena?" Mwenye nia ya kuzaa hushauriwa angoje, kwa sababu uzazi mwingine unaweza kuharibu kazi, yeye akacheka, kuzaa ameshamaliza. "Nikingoja mwaka mmoja, nafasi ya kupasuliwa itapotea?" Haitapotea. Huu si ugonjwa wa kuua, na kungoja hakuzuii tiba.

Ilikuwa Aprili. Mtama shambani ulikuwa unakomaa, na wiki sita bila kuinua kitu zingeangukia katikati ya mavuno. Akasema ataendelea kuvuta ndoo ya ndani hadi mwezi wa sita wa tiba, kisha atapima. Nilimwandikia barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa wanawake hospitali ya kanda, bila tarehe ya kumshurutisha, akaikunja akaiweka ndani ya kadi yake ya kliniki.

Miezi hiyo mitatu tulibadilisha mazoezi. Kulala na kukaza kulishamfikisha mwisho wake. Mwili unaoruka unataka kufundishwa ukiruka. Akafanya wima, kisha akichuchumaa, kisha akipanda ngazi. Mwisho nikamwomba aje na ngoma yenyewe. Aliingia kliniki nayo imefungwa kwenye kitenge, watu wa mapokezi wakidhani ni mzigo wa soko. Tulifunga mlango. Nilimfundisha kutenganisha kazi mbili: mapaja yashike ngoma, ndani pavute, pumzi itoke kwenye wimbo na isizuiwe. Aliimba kwa sauti ndogo ili wagonjwa wa chumba cha pili wasisikie. Mara ya kwanza alipotea, akashikilia pumzi, ikamtoka. Mara ya tano hakutoka kitu.

Julai, baada ya mavuno, kilo 78, alipiga muheme kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake. Alivaa pedi kwa tahadhari. Ilikuwa na unyevu kidogo mwisho wa usiku, akasema, na hakujali. Barua ya rufaa bado anayo. Huenda akaitumia, huenda asiitumie.

Agosti alirudi na wanawake wawili wa kundi lake. "Nimewaambia kuna mtu anauliza," akasema. Wa kwanza alikuwa na mkojo wa msukumo kama wake, na tukaanza na kisima. Wa pili alikuwa mdogo, miaka 24, alikaa mbali na sisi, karibu na dirisha lililo wazi. Nilipomuuliza kama mkojo unamtoka akikohoa, akasema hapana, unamtoka wakati wote, tangu uchungu wa siku tatu ambao mtoto wake hakupona. Usiku pia. Huyo sikumfundisha kukaza hata mara moja. Nilimweleza kwamba kuna tundu na tundu hushonwa, na kwamba Dar es Salaam hospitali ya CCBRT huwatibu wanawake wenye fistula bila malipo. Tukapiga simu palepale, mama wa muheme akiwa amemshika mkono, kupanga ataondoka siku gani na nani atamsindikiza.